Ngoma ya Mdomo

Tangu kiharusi kilipompoozesha mikono, Mzee Kitwana, mpiga ngoma wa miaka mingi, hakutaka tena kusikia habari za ngoma. Asubuhi hiyo binti yake, Raziki, alimwekea mbele kompyuta, spika na kipaza sauti.

"Baba, hii imesikiliza kanda zako zote, ikajifunza unavyopiga. Wewe itamke tu ngoma kwa mdomo, kama ulivyokuwa ukitufundisha."

"Mashine haina mikono, mwanangu."

"Jaribu, baba."

Mzee akatamka bila hamu, "Ndi." Spika ikajibu kwa mlio mzito wa msondo wake, ile ngoma ndefu iliyopasuka zamani. Akashtuka. "Ndi, ndi, ka," akasema polepole, na ngoma ikamfuata. Alipokaza sauti ilinguruma. Alipoilegeza ililia taratibu, kana kwamba viganja vyake vinaipapasa ngozi.

"Subhanallah!" alisema, na hata neno hilo likatoka kama ngoma.

Raziki alicheka huku machozi yakimtoka. Mzee akafumba macho, akaanza mdundo wa harusi, akauchapusha. Uani, wanawake waliokuwa wakifua waliacha kusugua nguo. Kisha mmoja wao akaja mlangoni, povu likimchuruzika mikononi, na mabega yakaanza kumtikisika kufuata mdundo.