Akidi ya Bertrams

"Tuko tisini na wawili," katibu wa tawi alitangaza ukumbini. "Akidi ni mia. Tutawanyike tu. Safari hii hatupendekezi mgombea urais wa chama."

Rosalia alimsikia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Tangu mumewe arudi kutoka uhamishoni Tanzania na kumleta Bertrams, mtaa wa Johannesburg, akiwa bibi harusi wa Morogoro, mikutano ya chama ameijua kwa harufu ya vitunguu. Wenye chama hujadili, wanawake waliotoka nchi nyingine hupika, na wapishi hawahesabiwi.

Aliwatazama wenzake saba waliokuwa wakimenya viazi. Wote walikuwa wamepata uraia, na wote aliwafuata yeye mwenyewe mlango kwa mlango, akawajazia fomu za uanachama. Kadi zao walizifunga kwenye pindo la kanga, kama nauli.

"Batatucheka, mama," alinong'ona mmoja, Mkongo. "Kizulu yetu ni ya kuvunjika."

"Wanapiga kura kwa kunyoosha mkono," Rosalia alisema. "Mkono hauna lafudhi."

Akazima jiko.

Mwenyekiti aliwaona wakiingia na aproni zao. "Eish, mama, chakula baadaye. Watu wanaondoka."

Rosalia alinyoosha mkono, vidole vimepakaa bizari, kadi katikati yake. Nyuma yake ikanyooka mingine saba.

Katibu alikuwa ameshafunga daftari. Akalifungua tena, akalainisha ukurasa kwa kiganja.

"Tisini na tatu," alisema polepole, akamtazama anayefuata.