Kitambaa Kwenye Njia ya Hewa

Kitambaa kilitoka polepole kwenye njia ya hewa ya pikipiki ya mbio iliyopondeka, na fundi akaona kifungo. Kilikuwa kipande cha shati lake kuukuu. Ndicho alichozibia vumbi siku aliyomsafishia mdogo wake kabureta, akasahau kukitoa.

"Kaka, inazimika nikivuta mafuta," mdogo wake, sasa marehemu, alimlalamikia wiki ile.

"Punguza sifa, badilisha plagi," alimjibu. Na msibani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kijana kaponzwa na mwendo.

"Umeona nini, shemeji?" mjane wa mdogo wake aliuliza kutoka mlangoni. "Walioona wanasema ilimzimikia mbele ya lori."

"Mwendo, shemeji. Mwendo tu," alisema, huku akijifuta mikono kwa kitambaa hicho hicho, kidole kimoja kimoja.