Mama Alisema Atagonga

Mwimbaji alikaza skrubu ya mwisho, akakitazama kibanda cha kurekodia alichokijenga chumbani mwake. Kuta alizijaza magodoro. Mlango aliutia kitasa upande wa nje tu. Ndani hakutoboa tundu, hata la hewa, maana sauti ni kama maji, haikosi upenyo.

"Ingia wewe, mama. Imba mpaka mishipa ya shingo ikutoke."

Mama yake alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kikohozi hicho cha pumu ndicho kilichokuwa kikimharibia mwanawe kila wimbo aliorekodi.

"Leo nami msanii! Haya, nikichoka nitagonga."

Mlango ukafungwa. Mwimbaji akabana sikio kwenye mbao. Kimya. Akarukaruka kwa furaha, akatoka barazani kumpigia simu mpiga gitaa wake huku akisubiri kugongewa.

Waliongea, wakacheka, wakapanga nyimbo saba.

"Hakitoki kitu humo, ndugu yangu. Hata mtu agonge kwa ngumi mbili, husi..."

Hakumalizia. Pale barazani, kwenye kiti alichokiacha mama yake, ilikuwa imelala pampu ya dawa ya pumu, ile asiyoachana nayo hata akienda msalani.

"Haloo?" aliita mpiga gitaa. "Haloo? Mbona kimya?"