Chozi wa Mlangoni

Ndeshi alikuwa ameshabeba begi pale mama yake, Anande, alipomwokota chozi chini ya maua ya mlangoni. Ndege yule mdogo, aliyezoea kushinda akiwafukuza wenzake kwenye maua hayo, alikuwa wa baridi kama jiwe.

"Amekufa," Anande alisema, akijizuia asionekane amefurahi.

Katika mji ule wa mlimani, ndege akifa mlangoni, siku hiyo hakuna anayesafiri kutoka nyumba hiyo.

Ndeshi alitazama barabara, akamtazama ndege, akaitazama tena barabara. "Leo ndiyo mwisho wa kuripoti kazini, mama. Nisipofika, wanampa mwingine."

"Mila sikuiweka mimi, mwanangu."

Begi likashushwa chini.

Anande alifumba kiganja ili aende kumzika. Hapo, katika joto la vidole vyake, akahisi kitu kinadunda. Kikadunda tena, mbiombio. Kumbe baridi ya usiku ilimzimisha tu, haikumuua.

"Mama, mbona mkono unatetemeka?"

"Baridi," alijibu, akauficha ndani ya kitenge.

Kule stendi basi likapiga honi. Ndani ya kiganja, mabawa yakaanza kusukuma vidole.