Pilau ya Wana-Ngome

Siku hizi mtu akifa, jina lake mtandaoni halifi. Mashine huliendesha, likaendelea kupiga soga kwa usemi wake uleule, na sheria inakataza kuliuliza kama mwenyewe yu hai. Kwa hiyo tovuti ya Bi Rukaiya, ya wapenzi wa Ngome ya Kunguru, mchezo wa mezani wa dadu na hadithi, ilichangamka kama nyumba ya harusi.

Ila Rukaiya alitaka kujua kama amebaki hata mmoja wa kula naye. Akaandika: "Ijumaa mchana tucheze kwangu, kama zamani. Pilau ipo."

"Nakuja, shoga. Usinipunje ukoko," akajibu Zamoyoni.

"Dadu nabeba mimi," akasema Sudi.

Akapika sufuria kubwa, akatandika kitambaa cheupe. Pilau ikapoa. Hakuna aliyebisha hodi.

Jioni akafungua tovuti. Zamoyoni alikwisha andika: "Pilau ilikolea. Sudi kamaliza viazi vyote, haya hana."

"Mzushi huyu," Sudi kajibu.

Rukaiya akacheka peke yake, naye akaongeza: "Na chai kanimwagia kitambaani."

Kisha akainuka, akamimina chai kidogo juu ya kitambaa, akaenda kukifua.