Vumbi la Bikira Anyonyeshaye

Rangi ya buluu ilikuwa imefika begani mwa Bikira Maria wakati Orsola alipomshika mchoraji mkono.

"Shusha brashi, Nuto."

Nuto alisema yeye ni kibarua tu. Askofu anakuja Jumapili, na Padre Baldo hataki akute ukutani Bikira anamnyonyesha Yesu, titi likiwa wazi; ameagiza lifunikwe kwa joho la buluu. Aliyasema hayo kwa upole, huku akisogeza ndoo ya rangi ili mama huyo asichafue sketi yake.

Upole huo haukumpoza Orsola. Katika kijiji kile cha mlimani, mwanamke aliyekaukiwa maziwa hukwangua vumbi kidogo kwenye titi lile, akalikoroga katika maji, akanywa. Bibi zao walifanya hivyo, mpaka ukuta ukaingia kishimo. Na sasa jirani yake, Tessa, alikuwa na mtoto wa siku nne anayetapika maziwa ya mbuzi, na kifua cha Tessa kilikuwa kikavu. Orsola alikuja na kisu kwa ajili yake.

Padre Baldo akaingia, uso ameukunja.

"Baldo," alisema Orsola, "huna haya?"

"Humu ndani niite Padre."

"Haya, Padre. Mungu mwenyewe alinyonya hapo hakuona aibu. Wewe ndiye unaona?"

Padre akasema huo ni ushirikina mtupu, wageni wanacheka, na wanawake wanautafuna ukuta kama panya na jibini. Akamwamuru atoke. Asipotoka atamnyima komunyo, na siku akifa atazikwa nje ya ua wa kanisa, pamoja na wezi.

Orsola hakusogea.

"Mimi nilikwangua hapa siku tisa mfululizo," alisema. "Mwaka ule theluji ilipoua mbuzi wote. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia. Siku ya kumi maziwa yakashuka."

"Kila mzee hapa ana hadithi yake," Padre alisema. "Mtoto yupi huyo?"

"Huyu aliyesimama mbele yangu, ananinyima kaburi."

Nuto aliinamisha macho. Padre Baldo akakitwaa kisu mkononi mwa mama yake, akaanza kukwangua.