Bibi wa Kutufundisha Uzee

Tangu sindano ya ujana iwe haki ya kila mtu, mtaani kwetu hakuna anayezeeka. Kwa hiyo serikali ilipotuletea bibi wa kutufundisha uzee na kifo, nilimtazama kwa jicho la pembeni.

Bi Mwanakheri alikuwa mmoja wa wachache walioikataa sindano. Alitufundisha kuamka kitandani kizee: usikurupuke, geuka ubavu, kaa kwanza, ndipo usimame. Mume wangu Shekue alicheka, akafuata. Mimi nilizidi kujiuliza kwa nini somo hili lije sasa, wakati zahanati ya sindano imefungwa eti kwa matengenezo, na hakuna fundi hata mmoja anayeonekana pale.

Asubuhi moja alitoa sanda begini, akaomba nimsaidie kuianika isije ikaingia ukungu.

"Enzi zetu kila mzee aliiweka yake tayari, mjukuu wangu," alisema. "Ukizoea kuishika, haikutishi tena."

Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaikung'uta. Bi Mwanakheri ni mfupi, ananifikia begani tu. Kitambaa kile kingemtosha na kubaki kingi.

"Bibi, mbona ndefu hivi? Hii si ya kimo chako."

Aliitandaza kwenye kamba, akailainisha mikunjo kwa kiganja. Hakuniangalia usoni.

"Yangu iko nyumbani," alisema. "Hii nimepewa nikuletee wewe. Ya mumeo inakuja kesho."